Peleti za sungura mkubwa: tusome nini nyuma ya mfuko?

Masikio Mawili

Wakuu, habari za muda huu. Ninaye sungura dume, amehasiwa, ana miaka mitatu na uzito wa kilo 2.4, anaishi ndani ya nyumba. Nyasi kavu anazo muda wote, majani mabichi anapewa kila siku. Kwenye peleti, vile vipunje vikavu vya chakula cha kiwandani, ndipo nilipokwama. Zile alizozoea tangu utotoni zimeisha, na mfuko wenyewe umeandikwa "kwa sungura wanaokua". Huyu wangu kinachokua sasa ni tumbo tu.

Nina mifuko miwili midogo mbele yangu, nimeichukua nilinganishe. Naandika yaliyo nyuma kama yalivyo, yote ni asilimia:

Mfuko A: protini 16, mafuta 3.5, nyuzinyuzi 14, majivu 8, unyevu 11, kalsiamu 1.3. Viungo: unga wa lusini, mahindi, pumba za ngano, mashudu ya soya, molasi, madini na vitamini.

Mfuko B: protini 13, mafuta 2.5, nyuzinyuzi 25, majivu 7, unyevu 11, kalsiamu 0.6. Viungo: unga wa nyasi za timothi, maganda ya soya, pumba za ngano, mbegu za kitani, madini na vitamini.

A anazifakamia. B ananusa, kisha ananitazama usoni. Je, tofauti hii ni kubwa kiasi cha kuanza vita naye? Natanguliza shukrani.

Kijani Kibichi

B. Uzi ufungwe 😄

Nyasi Kwanza

Usiufunge mkuu, mtu kauliza vizuri na ajibiwe vizuri.

Masikio, kwa sungura aliyeshavuka miezi sita au saba, namba ya kwanza kuitafuta ni nyuzinyuzi. Ikiwa chini ya 18, rudisha mfuko kwenye rafu. Peleti za maana ziko kuanzia 20 hadi 25, na zipo zinazozidi hapo. Protini ya 12 hadi 14 inamtosha mkubwa asiyezaa wala kunyonyesha. Mafuta yasizidi 3. Kalsiamu ikae kati ya 0.5 na 1.

Ukikuta lebo imeandika "zisizopungua 18, zisizozidi 23", wewe hesabu 18. Hiyo ndiyo aliyokuahidi mtengenezaji, hiyo 23 ni matumaini.

Halafu tazama kiungo cha kwanza, maana viungo hupangwa kwa uzito, kizito mbele. B inaanza na nyasi. A inaanza na lusini na mahindi yanaifuata mgongoni. Na ipo hesabu ndogo ya kuumbua mfuko wowote: chukua 100, toa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (yaani madini yanayobaki chakula kikiunguzwa) na unyevu. Kinachobaki ndimo wanga na sukari zilimojificha. A inatoa 52.5, yanabaki 47.5. B inatoa 58.5, yanabaki 41.5. Hicho si kipimo kamili cha wanga, kwa sababu kwenye masalia hayo kuna pia nyuzinyuzi laini ambazo kipimo cha kawaida cha maabara hakizikamati. Ila ukiyasoma pamoja na orodha ya viungo unaona ukweli: masalia ya A yana mahindi ndani yake, masalia ya B yametoka kwenye nyasi na maganda. Kama lebo haijataja unyevu, weka 10 au 11, hutakosea sana.

Picha ya mbele ya mfuko ni ya kwetu sisi tunaolipa, sungura hasomi picha.

Masikio Mawili

Nimekusoma mkuu. Swali moja: lusini si nyasi nayo? Mbona mnaisema vibaya?

Nesi wa Wanyama

Ndugu Masikio, nafanya kazi na wanyama wadogo, acha nikusaidie hapo.

Lusini, ambayo wengine huiita alfalfa, ni jamii ya kunde. Ina protini nyingi kuliko nyasi na kalsiamu nyingi zaidi, mara nyingi zaidi ya asilimia 1.2, wakati timothi huzungukia 0.4 hadi 0.6. Kwa sungura mtoto, mwenye mimba au anayenyonyesha, hicho ni chakula kizuri sana. Kwa mkubwa aliyekaa tu, ziada hiyo haina pa kwenda.

Au tuseme inakwenda pabaya. Kwa wanyama wengi, binadamu tukiwemo, utumbo huchukua kalsiamu kadiri mwili unavyohitaji na iliyobaki inapita na choo. Sungura hafanyi hivyo. Utumbo wake huichukua kulingana na ilivyo kwenye chakula, kisha figo ndizo zinazobeba kazi ya kuitoa kwa mkojo. Mamalia wengi hutoa chini ya asilimia 2 ya kalsiamu kwa njia hiyo. Sungura hutoa 45 hadi 60. Ndiyo maana mkojo wa sungura mzima huwa na ukungu, na ukikauka sakafuni huacha unga mweupe. Huo usikutishe. Kinachotisha ni mkojo mzito unaotoka kwa kujikamua, mapaja kulowa, au kukaa muda mrefu kwenye sehemu ya haja bila kitu. Hapo tunaanza kuzungumzia tope na mawe kwenye kibofu.

Piga hesabu kwa mifuko yako. Gramu 60 za A zina gramu 0.78 za kalsiamu. Gramu 60 za B zina 0.36. Kila siku, mwaka mzima, figo zilezile mbili.

Lakini nisiwatie watu hofu ya kupita kiasi. Kalsiamu peke yake haitengenezi mawe. Sungura mnene, asiyetembea, anayekunywa maji kidogo, ndiye ninayemwona mezani mara kwa mara. Na kuinyima kabisa ni hatari vilevile, mifupa na meno hudhoofika. Mpe maji kwenye bakuli zito lisilopinduka badala ya chupa ya kulamba. Sungura hunywa zaidi kwenye bakuli.

Mfugaji Mzoefu

Nawasoma tu. Mimi nafuga sungura wa nyama miaka mingi. Chakula chao protini 17, nyuzinyuzi 15, na wanatoka wamenona na manyoya yanang'aa. Hizi asilimia 25 ni mambo ya sungura wa sebuleni. Mnamsumbua mwenzenu bure.

Nyasi Kwanza

Mzee wangu, heshima yako. Hatupingani, tunazungumzia wanyama wawili wenye safari tofauti. Wako anaondoka bandani akiwa na wiki 10 hadi 12. Chakula chako kimetengenezwa kumpandisha uzito haraka ndani ya muda huo, na kinafanya hivyo. Wa Masikio anatakiwa kuishi miaka 8 hadi 12. Unene, meno kwenda kombo, kibofu kujaa tope, hayo yote yanahitaji miaka ndipo yaonekane. Wa kwako hawafiki huko.

Na sebuleni ndiko kwenye sungura wasiokimbia.

Mfugaji Mzoefu

Hapo umenena, sina ubishi. Na majike wangu wa kuzalisha ambao wamepumzika kweli huwa nawapunguzia, wakinona sana hawashiki mimba.

Basi niongeze la kwangu ambalo nyie watu wa sebuleni huenda hamlijui. Someni kama chakula kimewekwa dawa. Vyakula vya kukuzia mara nyingi huwa na dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumboni, na inayowekwa kwa ajili ya sungura haina shida kwa waliokusudiwa. Tatizo ni mtu akiishiwa na peleti anachota chakula cha kuku au cha nguruwe. Humo kunaweza kuwa na narasini, dawa ya koksidia ya kuku, na narasini inaua sungura. Linkomaisini vilevile, hiyo ni antibiotiki, inavuruga vijidudu vya tumboni na mnyama anaondoka kwa kuhara. Ukiishiwa na peleti mpe nyasi tupu. Sungura hafi kwa kukosa peleti siku mbili tatu.

Nesi wa Wanyama

Bandiko hilo la mzee lisomwe mara mbili.

Chakula Tamu

Mimi nampa wangu ule mchanganyiko wenye mbegu, mahindi yaliyopondwa, vipande vya rangi nyekundu na njano, na vijiti vya kijani. Anapenda. Ila vijiti vya kijani anavibakiza kila siku, nami namwaga naweka vingine. Hakuna shida?

Nyasi Kwanza

Vijiti vya kijani ndivyo chakula, dada. Hivyo vingine ndivyo anavyovila.

Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliwahi kufuatilia sungura 32 aina ya Dutch kwa miezi 17 kwa milo minne: peleti na nyasi, mchanganyiko na nyasi, nyasi peke yake, na mchanganyiko peke yake. Waliokula mchanganyiko walinenepa, meno yao yakaanza kuharibika, na hata wale waliokuwa na nyasi mbele yao walikula nyasi kidogo kuliko wenzao. Waliopata mchanganyiko bila nyasi walikuwa na hali mbaya kuliko wote. Faida ya peleti ni hiyo tu kwa kweli: kila punje ni sawa na nyingine, hakuna cha kuchagua.

Chakula Tamu

Dada ni nani tena, mimi mwanaume 😂 Lakini nimeelewa. Namaliza mfuko nahama.

Nyasi Kwanza

Samahani kaka, jina lako limenipoteza. Usimalize mfuko, changanya na peleti kuanzia leo ukiupunguza taratibu. Ukikata ghafla tumbo litagoma.

Masikio Mawili

Sasa mkuu, kama jambo lenyewe ni nyuzinyuzi na B ina 25, si nijaze bakuli B asubuhi hadi asubuhi nipumzike na manyasi yanayotapakaa sakafuni?

Nesi wa Wanyama

Swali hili naulizwa kila wiki na nalipenda, kwa sababu linaonyesha mtu amesoma lebo na ameiamini.

Fanya hivi jioni. Chukua punje chache za B, zitie kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, subiri zifumuke, kisha mwaga kwenye kitambaa cheupe na utandaze kwa kidole. Angalia unachokiona. Kwenye peleti nyingi ni unga mtupu. Kwenye zile nzuri utaona vipande vidogo vya majani na mashina, vingine unaweza kuvishika kwa kucha. Kisha weka pembeni yake bua moja la nyasi anazokula. Lebo inasema vyote viwili vina nyuzinyuzi, na ni kweli. Tumbo la sungura halisomi asilimia, linapima urefu.

Utumbo mpana wa sungura una kazi ya kuchambua. Vipande vikubwa vya nyuzinyuzi vinasukumwa mbele haraka na kutoka kama zile golori kavu. Vipande vidogo na maji vinarudishwa nyuma kwenye sekamu, mfuko mkubwa wa kuchachushia, ambako vijidudu vinavifanyia kazi. Vile vikubwa havimpi lishe ya maana, lakini ndivyo vinavyoufanya utumbo uendelee kusukuma. Nyuzinyuzi zikisagwa mno zinaangukia kundi la vidogo, na msukumo unapungua. Ndipo unapopata sungura aliyejikunja pembeni, hataki kula, haendi haja, tumbo limejaa gesi.

Meno nayo. Ya mbele hukua kama milimita 2 kwa wiki, na ya nyuma hayakomi kukua pia. Akitafuna nyasi taya huenda upande kwa upande, meno ya nyuma yanasagana na kupungua. Akitafuna peleti anaponda juu chini, mara chache, imekwisha. Peleti za siku nzima anazimaliza ndani ya dakika chache. Nyasi zinamchukua saa kadhaa, na muda huo ndio kazi yake ya kila siku tangu mababu zake walipokuwa porini.

Kwa hiyo hapana. Nyasi zibaki asilimia 80 na zaidi ya chakula chote, na zitaendelea kutapakaa sakafuni.

Kijani Kibichi

"Tumbo la sungura halisomi asilimia, linapima urefu." Hii nahifadhi.

Masikio Mawili

Nimefanya ya kikombe. B imetoa vipande vya majani vinavyoonekana, vingine virefu kidogo kuliko punje ya mchele. A imekuwa uji wa rangi ya kahawia na vipande vya njano vya mahindi chini. Nimeamua. Sasa kiasi: gramu ngapi, na nimhamishe vipi huyu mwenye maringo?

Nyasi Kwanza

Mwongozo wa juu ni gramu 25 kwa kila kilo ya sungura kwa siku. Kwa kilo 2.4 hiyo ni gramu 60, na hapo ndipo dari ilipo. Madaktari wengi wa sungura siku hizi wanashuka chini zaidi, hasa kwa aliyehasiwa na aliyenenepa. Mimi kwa umbo unalolieleza ningelenga gramu 30 hadi 35, nusu asubuhi na nusu jioni. Lakini shuka polepole, na uzito upimwe kila wiki kwa mizani ileile.

Tumia mizani ya jikoni. Kikombe kinadanganya, maana kuna peleti nzito na kuna nyepesi zilizopulizwa kwa joto. Kikombe kilekile kinaweza kubeba uzito tofauti kabisa.

Kuhamisha: kwanza badilisha aina, kisha ndiyo ubadilishe kiasi. Usifanye yote kwa mpigo. Wiki ya kwanza robo iwe B, robo tatu A. Ya pili nusu kwa nusu. Ya tatu robo tatu B. Akiwa mgumu vuta iwe wiki tano au sita, hakuna anayekukimbiza. Wengine husugua B na majani anayoyapenda ili zichukue harufu. Mimi huzitawanya ndani ya nyasi, azitafute, na akiwa anazitafuta anakula nyasi njiani.

Kosa kubwa ni lile la "atakula tu akishikwa na njaa". Huyo si mbwa. Sungura akikaa saa 12 bila kula au bila kuacha choo, ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo, hausubiri kesho.

Nesi wa Wanyama

Naunga mkono, na naongeza la kuangalia wakati wa kuhama: choo. Zile golori kavu ziwe kubwa, za mviringo, ukizivunja ndani kuna nyasi zilizosagwa. Zikianza kuwa ndogo, nyeusi na ngumu, au zikipungua, rudi hatua moja nyuma.

Kuna aina ya pili ambayo wengi hawajawahi kuiona, kishada cha vidonge laini vyenye kung'aa na harufu kali. Hivyo sungura huvila moja kwa moja vikitoka, na ndivyo vinavyompa vitamini za kundi B na protini iliyotengenezwa na vijidudu. Ukivikuta vimebaki sakafuni au vimemganda nyuma mara kwa mara, peleti zimezidi au zina wanga mwingi, anashiba kabla ya kuvihitaji. Au amenenepa hata hafikishi mdomo. Sehemu hiyo ikilowa na kunuka, nzi hutaga hapo, na funza wanaweza kumuua sungura ndani ya siku moja au mbili. Kabla ya kutafuta dawa, punguza peleti na ongeza nyasi, halafu umwone daktari kama haikukoma.

Kujua kama amenona, mpapase mbavu kwa vidole bila kukandamiza. Zinatakiwa kusikika kama kalamu ndani ya mfuko wa shati, zipo lakini zimefunikwa. Ukizitafuta bila kuzipata, kazi unayo.

Masikio Mawili

Nimempapasa. Kazi ninayo.

Maji Safi

Wakuu mimi nina mtazamo tofauti. Sungura wa porini hali peleti. Wangu nimeziondoa kabisa, anakula nyasi na majani ya aina nyingi, na anaruka vizuri tu. Kwa nini tunabishana mfuko gani wakati angeweza kuishi bila mfuko?

Nesi wa Wanyama

Inawezekana, na kwa sungura mwenye mawe au aliyenenepa sana kuna wakati sisi wenyewe tunaziondoa. Lakini wa porini anachagua mimea mwenyewe kutwa nzima na anakaa juani. Wa ndani anakula nyasi zilizokaushwa na kuhifadhiwa, ambazo vitamini A na E hupungua kadiri zinavyokaa, na jua analiona dirishani, na kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D. Peleti chache zinaziba pengo hilo. Kama unampa majani mengi ya aina tofauti kila siku, unampima uzito, na anatoka nje, sina ugomvi nawe. Ninaowaona wakiharibikiwa ni wale wa nyasi kuukuu na karoti.

Maji Safi

Anatoka nje kila asubuhi. Tuko pamoja.

Chakula Tamu

Jamani, peleti za simbilisi nazo? Zinafanana kabisa kwa macho.

Nyasi Kwanza

Zinafanana kwa macho tu. Zile huongezwa vitamini C kwa sababu simbilisi hawezi kuitengeneza mwilini. Sungura anaitengeneza mwenyewe. Mara moja kwa bahati mbaya haimdhuru, lakini usizifanye chakula chake.

Bibi wa Manyoya

Wanangu, nami nina swali. Wangu ni jike, ana miaka tisa. Kila mnachosema nakifuata, peleti za nyasi, kipimo kidogo. Lakini miezi ya karibuni anapungua, uti wa mgongo nausikia kwa mkono. Niendelee kumbana?

Nesi wa Wanyama

Shikamoo mama. Hapana, usimbane tena. Kanuni zote hizi ni za mkubwa mwenye afya. Kwanza aonwe na daktari, meno ya nyuma yatazamwe na figo zipimwe damu, kwa sababu mzee anayepungua mara nyingi ana kitu. Mtazame anapokula nyasi: je, anaziokota na kuziangusha? Anachagua laini tu? Kidevu kimelowa? Hayo ni meno.

Wakati unasubiri daktari, mwongezee peleti hizohizo za nyasi. Kama meno yanamsumbua, zilowanishe kwa maji ya uvuguvugu ziwe laini, zile zinazobaki utupe baada ya saa chache. Wapo wazee ambao mwishowe tunawarudishia hata lusini ili washike uzito, lakini hilo liamuliwe baada ya kipimo cha figo na mkojo.

Bibi wa Manyoya

Marahaba mwanangu. Anaokota na kuangusha, sasa unaposema ndiyo nakumbuka. Nampeleka kesho asubuhi.

Nyasi Kwanza

Mama, kama jina lako linamaanisha ni wa manyoya marefu, mtajie daktari. Wale wa Angora hutumia protini nyingi kukuza manyoya, 13 inaweza kuwa ndogo kwake.

Bibi wa Manyoya

Ni wa kawaida, ila humwaga manyoya nyumba nzima. Jina limetoka huko.

Masikio Mawili

La mwisho kwangu. Mfuko mkubwa wa B unapunguza gharama kuliko kununua midogo midogo. Kwa gramu 35 kwa siku, mfuko wa kilo 10 utanichukua miezi tisa na zaidi. Niuchukue?

Mfugaji Mzoefu

Huo ni wa mtu mwenye sungura 10. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, siyo ya kuisha tu. Mimi sipendi kitu kilichopita miezi mitatu tangu kisagwe, vitamini zinakuwa zimeanza kukimbia na mafuta yanachacha. Nunua wa kukutosha miezi miwili. Kilo 2 zinakutosha.

Ukiufungua usimimine peleti mpya juu ya zamani kwenye chombo. Maliza, osha, kausha kabisa, ndipo utie mpya. Chombo kiwe na mfuniko unaobana, kikae pasipo na joto wala jua. Na kabla ya kumpa, nusa. Peleti nzuri ina harufu ya nyasi zilizokatwa. Ukisikia uvundo, au punje zimeshikana, au kuna utando wa kijivu, usichambue ukisema hizi bado nzima. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumukuvu, ini ndilo linalokwenda kwanza, na sumu yenyewe huioni kwa macho. Tupa mfuko mzima, na usiwape hata kuku.

Masikio Mawili

Kilo 2 basi. Na ule A uliobaki baada ya kumhamisha?

Mfugaji Mzoefu

Niletee mimi, nina vitoto.